Mayu Holo Hakupenda Vichaka

Nilipofika Bariadi kumzika Mayu Holo, kaburi lilikuwa halijachimbwa kwa sababu watu walikuwa bado wanabishana lichimbwe wapi. Mjukuu wake Minza, aliyekuja kutoka Mwanza anakofanya kazi kwenye shirika moja la mazingira, alitaka bibi yake azikwe ndani ya ngitili, kule mteremkoni kati ya migunga. Ngitili, kwa asiyeijua, ni kipande cha ardhi ambacho Wasukuma hukifunga mvua zinapoanza: ng'ombe haingii, shoka haliingii, majani yanaachwa yakue mpaka kiangazi kinapokaza, ndipo mifugo inaruhusiwa kuingia kula. Haina ukuta wala waya. Inalindwa kwa kujulikana tu kwamba imefungwa. Mayu Holo aliilinda ya kwake tangu alipofiwa na mumewe, na Minza alikuwa ameshatunga maneno ya kusoma mazikoni kuhusu bibi aliyependa miti kuliko kitu chochote. Baba yake, Maduhu, mtoto wa kwanza wa marehemu, hakutaka hata kusikia. Walipokwama, Maduhu alinigeukia mbele ya ukoo mzima, mimi mgeni ambaye hata mavumbi ya safari sijayapangusa. "Dada Koku," alisema, "wewe ulikaa naye. Wewe ndiye uliyemwuliza kwa zile picha zako. Sema."

Niliomba maji ya kunywa, na kwa kuwa nywele zangu sasa ni nyeupe, hakuna aliyeniharakisha. Ukweli ni kwamba machozi na kicheko vilinijia kwa pamoja. Zile picha! Nilikuwa nimezisahau miaka na miaka, na yeye Maduhu, mzee mwenye mkongojo sasa, alizikumbuka kama tulizitazama juzi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka chuo cha misitu na cheti changu, nikapangiwa Bariadi. Wakati huo hakuna aliyewaza mkoa wa Simiyu. Tulikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga, na wakubwa wote walikaa huko Shinyanga. Kwetu ni Muleba, ambako migomba inakuja mpaka mlangoni. Ukitoka nje gizani unagonga mgomba kabla hujamgonga jirani. Basi lilipopita Nyashimo nilikuwa bado nina moyo, maana ziwa lilikuwa karibu. Lilipofika Lamadi likaacha barabara ya Musoma na kukata kwenda Bariadi, na hapo nikaona nchi inavuliwa nguo kipande kwa kipande. Tambarare. Mbuga nyeusi zilizopasuka, mabua, mti mmoja hapa, mwingine kule karibu na upeo wa macho, kama watu waliogombana. Nililia ndani ya basi bila aibu. Niliona nimeletwa kwenye nchi iliyonyolewa, na kazi yangu ni kuiotesha nywele. Leo nikipita barabara ile ile, sasa ya lami, huwa natoa kichwa dirishani ili nipate kuona mbali, na wajukuu zangu wananicheka.

Ofisi ilinipangishia chumba kwa Mayu Holo, katika kijiji kilicho upande wa kusini wa Bariadi mjini. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na kila mtu alimwita hivyo, hata waliomzidi umri, kwa sababu alikuwa na sauti ya kuitwa hivyo. Nusu ya chumba ilikuwa yangu na nusu ilikuwa ya pamba. Msimu ulikuwa umevunwa lakini ununuzi haujaanza, kwa hiyo lundo lilifika karibu na paa, nami nililala pembeni yake kama mbwa wa mlinzi. Kila asubuhi nilitoka na nyuzi nyeupe kichwani, naye akasema, "Ona, binti wa Kihaya umezeeka kabla hata hujaolewa." Asubuhi ile ya kwanza alikuwa anafagia uwanja. Alifagia mpaka udongo ukabaki na mistari ya ufagio, safi, mgumu, bila jani. Karibu na ukuta niliona kimche cha mwarobaini kimejiotea chenyewe, nikafurahi kama niliyekutana na ndugu. "Mwangaluka, ng'wanone," alinisalimu, umelalaje mwanangu, na huku ananisalimu akakiinamia kile kimche, akaking'oa, akakitupa jalalani. Nilisimama pale na mswaki mdomoni. Cheti changu hakikuwa na somo la jambo lile.

Chakula chake nilikizoea polepole. Asubuhi michembe, yale matembele ya viazi vitamu? La, nasema vibaya, mwenyewe angenikaripia: michembe ni viazi vyenyewe, vimekatwa vipande na kuanikwa juani, halafu vinachemshwa na karanga. Mchana ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na jioni ugali tena na maziwa ya mgando. Nilipolalamika kwamba nimemiss ndizi, alinitazama kwa huruma. "Ndizi ni tunda," akasema. "Mtu mzima hashibi tunda." Nilibishana naye mwaka mzima juu ya hilo na sikushinda hata siku moja.

Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa, kwa hiyo hapakuwa na siri. Tangu wiki ya kwanza nilisikia ugomvi mmoja ukirudi kila jioni baada ya chakula. Maduhu, ambaye alikuwa na mke na mji wake hatua chache kutoka kwa mama yake, alikuwa anataka kuilima ngitili. "Mama, udongo ule haujaguswa tangu marehemu baba. Pamba ingeota pale mpaka watu waseme nimeroga." Mayu Holo alikuwa anamenya karanga, nilisikia maganda yakidondoka kwenye ungo. "Na maksai wako watakula pamba?" "Nitawapeleka Meatu kiangazi." "Kwa nani Meatu? Una shemeji Meatu?" "Mama." "Nakuuliza tu." Kimila ardhi ile ilikuwa ya wana, na baba wadogo walishachoka kuulizwa, kila mmoja akisema Maduhu ameshakuwa mtu mzima. Mayu Holo hakuwa na chochote cha kumzuia isipokuwa mdomo, na huo alijaliwa. Lakini nilimsikia pia baada ya mwanawe kuondoka, akihema peke yake, na nilijua anaogopa.

Ndipo zikaja picha. Mkuu wangu alizileta kutoka Shinyanga, zimegundishwa kwenye makatoni, nami nikaambiwa nipite nyumba kwa nyumba niulize watu swali moja: katika hizi, mahali gani ni pazuri zaidi machoni pako? Kulikuwa na msitu mnene wa milimani wenye ukungu. Shamba la pamba la matuta yaliyonyooka. Nyumba kwenye uwanda mtupu, uwanja umefagiliwa, anga hadi mwisho. Na kichaka cha migunga na nyasi ndefu. Tungewajua wanaopenda miti, tungewapa miche na mafunzo, nao wangeilinda. Mkuu aliona hivyo, na mimi niliona hivyo. Nani angelinda asichokipenda? Swali lenyewe lilionekana la kijinga, kama kuuliza kama mtu anakula kwa mdomo.

Nilianza nyumbani. Mayu Holo alipangusa mikono kwenye kitenge, akaushika msitu wa ukungu mbali na uso wake. "Hapa kwa nani?"

"Si kwa mtu, Mayu. Ni mfano tu."

"Kama si kwa mtu, basi ni kwa fisi." Akaiweka chini. Akachukua ile ya nyumba kwenye uwanda mtupu, na uso wake ukalainika kabisa. "Hapa. Hapa ni pazuri. Mgeni unamwona tangu akiwa mdogo kama sisimizi, mpaka afike umeshabandika maji ya ugali." Kisha akakiona kichaka cha migunga, akakisukuma kwa kidole. "Hii mbaya. Miiba, nyoka, na mbuzi wakipotelea humo unawatafuta mpaka unakonda."

"Lakini Mayu, hapa ni kama ngitili yako!"

"Ndiyo. Kwani nani alikwambia ngitili yangu ni nzuri?"

Nilikuwa bado nimeshika kalamu wakati Maduhu alipoingia na baiskeli. Alizichukua picha zote kwa pamoja, akazipitia haraka, na alipofika kwenye ule msitu akasimama. Akaketi chini. "Dada, hapa ni wapi? Tazama hiyo kijani! Hiyo mito! Kama kalenda ya dukani." Aliniomba ile picha mpaka nikaona haya, na kazi ilipoisha nikampa, akaibandika ukutani kwake kwa miiba ya mgunga. Nikaandika nilichoambiwa niandike. Mama: hapendi miti. Mwana: anapenda sana. Mkuu alipopita aliona majibu, akampa Maduhu miche mingi, naye aliipanda mstari mmoja kando ya mji wake, akaimwagilia kwa ndoo kwa upendo wa kweli kabisa. Sitaki mtu afikiri Maduhu alikuwa mnafiki. Aliipenda ile kijani moyoni. Na kila jioni aliendelea kudai ardhi ya ngitili aitie plau.

Mvua zilikuja, ngitili ikafungwa, nyasi zikapanda mpaka kiunoni. Katikati ya masika Maduhu alifanya jambo ambalo mtu aliyekwisha kujihesabia ardhi tu ndiye angelifanya. Aliwaingiza maksai wake mle, mchana kweupe. Kwake ilikuwa akili ya kawaida: kama patalimwa msimu unaofuata, nyasi zipotee bure kwa nini? Mayu Holo aliona kwato na mavi mabichi. Alirudi nyumbani, akaoga, akafunga kitenge kipya, akaniambia nimwangalizie maharage jikoni, akaenda kwa wazee wa kijiji kumshitaki mtoto wake wa kwanza.

Wazee walimtoza Maduhu mchenya, ile faini ya kimila ambayo hailipwi kwa mtu mmoja bali inaliwa na kijiji. Alichinja beberu wake mzuri, na ugali ulipikwa na mama yake, kwa sababu, alisema, wageni wasije wakasema mji wa Holo unatoza faini halafu unalaza watu njaa. Wanaume walikula kando ya ngitili yenyewe, na Maduhu ndiye aliyewanawisha mikono na kuwagawia nyama, kama ilivyokuwa desturi pale. Mzee mmoja asiye na meno alitafuna kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Maduhu, mbuzi wako mtamu. Na mwakani ukosee tena." Watu walicheka mpaka wakapaliwa. Maduhu naye alitabasamu, lakini nilikuwa nimesimama karibu na sufuria, nikaona masikio yake yamewaka.

Kuanzia siku ile hakusema na mama yake. Alipita uwanjani bila salamu, na kwa Wasukuma, ambao wanasalimiana mpaka wanakuchelewesha safari, hilo ni tusi lisilo na dawa. Kabla ya hapo alikuwa na mazoea ya kula mara ya pili kwa mama yake baada ya kula kwa mkewe. Mayu Holo aliendelea kumtengea. Kila jioni bakuli lake lilifunikwa kwa sahani, likawekwa pale pale juu ya kinu kilicholazwa, na kila jioni mimi ndiye niliyelimaliza, ili asilikute asubuhi. Nilinenepa kwa huzuni ya watu wengine. Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nikamwuliza kwa nini amwaibishe mwanawe kwa ajili ya mahali ambapo yeye mwenyewe anasema ni pabaya. Alinishangaa kweli. "Ng'wanone, Maduhu alizaliwa na kichwa kirefu kama boga. Watu walikuja kunipongeza wakaondoka kimya. Nikamtupa?" Akarudia kupepeta. Baada ya muda akaongeza, sauti imeshuka, "Baba yake ndiye aliyekuwa anaamua siku ya kufungua. Akafa ikiwa imefungwa." Nilitaka kumshika mkono, lakini alikuwa si mtu wa kushikwa mkono, kwa hiyo nikachukua ungo wa pili, tukapepeta pamoja.

Mvua zile zilikatika mapema. Ilipofika katikati ya kiangazi, mabua yalikuwa yameliwa, na ule uwazi aliokuwa anaupenda ukawa mweupe na mkali machoni. Watu walianza kuhamisha makundi kuelekea Meatu na hata mbali zaidi, na waliobaki walikata matawi. Maksai wa Maduhu walibaki mifupa ya nyonga na macho. Kila asubuhi Mayu Holo alikwenda ukingoni mwa ngitili, nami nilimfuata kwa sababu njia ya kazini ilipita hapo. Aling'oa bua la nyasi, akalikunja, akalitafuna, akatazama mashamba ya jirani kama kuna mabua yamesalia, kisha akatema. "Bado," akasema. Ukifungua mapema, aliniambia, kiangazi kitakukuta unalisha vumbi. Kila asubuhi Maduhu alikuwa amesimama nyuma yetu, mbali kidogo, amejiegemeza kwenye fimbo. Alisikia ile bado, akageuka akaenda zake. Nilikuwa nauchukia mwendo wake wa kurudi. Nilimwomba Mungu wa kwetu na wa kwao alainishe mmoja wao, yeyote.

Asubuhi moja Mayu Holo alitafuna bua na hakutema. Alitazama mashamba, yote matupu. Bila kugeuka, akasema kwa sauti ya kawaida, kana kwamba wameongea jana, "Maduhu, walete."

Mwanaume mwenye ndevu alikimbia. Alikimbia fimbo ikiwa juu, akianguka na kuinuka kwenye mitaro, na aliporudi na wale maksai walikuwa hawahitaji kuswagwa, walishanusa. Waliingia. Mpaka leo sijui sauti inayonipendeza kuliko ile, ng'ombe mwenye njaa anapokwanyua nyasi kavu, kwanyu, kwanyu, pumzi inatoka puani. Nilitazama ile miiba, zile nyasi za rangi ya mkate, migunga iliyopinda, nikaona ni pazuri, nami sijawahi tena kupaona pabaya. Mayu Holo alikuwa anajikuna kifundo cha mguu. "Siafu," alisema. "Mahali gani hapa, jamani." Jioni ile Maduhu alikuja, akalifunua bakuli lake, akala, akaomba maziwa zaidi. Hakuna aliyeomba radhi. Mvua zilipoanza alilima shamba lake la zamani, na kwa kuwa maksai wake walikuwa na nguvu wakati wa wengine wamekwisha, alilimia na majirani. Habari ya kuitia ngitili plau sikuisikia tena kupitia ukuta ule.

Mkuu wangu alisema majibu yangu ya picha yamevurugika, akayaweka kando. Nilikwenda likizo Muleba mwisho wa mwaka, na mama yangu akanikuta mlangoni natanua majani ya mgomba kwa mikono miwili. "Unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta kuona nani anakuja. Nimefanya kazi ya misitu maisha yangu yote baada ya hapo, nimewasikia watu wengi wakiimba sifa za miti yenye ukungu huku wakichoma mkaa nyuma ya nyumba, na nimewakuta wengi kama Mayu Holo, wanaolinda kichaka kwa wivu na kukitukana kila siku. Macho yanapenda yalikozoea kupumzika. Mkono unalinda unachojua utakihitaji, au uliachiwa na mtu. Mara moja moja vinakutana, na hapo ni bahati. Sasa nimezeeka na siwadharau wenye macho kama ya Maduhu, maana yale macho nayo yalikuja kujifunza.

Basi nilimaliza maji, nikarudisha kikombe, nikaugeukia ukoo wa marehemu. Niliwaambia Mayu Holo hakupenda vichaka. Niliwaeleza habari ya fisi na ya mgeni mdogo kama sisimizi, na wazee waliomkumbuka wakaanza kutikisa vichwa na kucheka huku wanajifuta macho. "Ndivyo nilivyowaambia!" Maduhu alipaza sauti. "Nimlaze mama yangu na fisi?" Minza alikuwa analia. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo bibi hakuijali ile ngitili?" Nikamwambia aliijali mpaka akamshitaki baba yako, umwulize. Alimgeukia baba yake, na Maduhu, mbele ya watu wote, akamsimulia binti yake habari ya beberu, jambo ambalo inaonekana hakuwahi kulisema nyumbani. Kaburi lilichimbwa ukingoni mwa uwanja, pale panapotazama njia ya wageni. Minza hakuyasoma yale maneno. Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameinama na ufagio wa bibi yake, anafagia kuzunguka kaburi, na mistari ilikuwa imenyooka.

Maduhu alituita sote wawili. Nilipopita mlangoni kwake niliuona ule msitu bado uko ukutani, umepauka mpaka ukungu umemeza milima. Ng'ombe walikuwa wamefika ukingoni mwa ngitili kabla yetu, wamenyoosha shingo. Maduhu aling'oa bua, akalikunja, akalitafuna, akatazama mashamba, ambako mabua ya mahindi yalikuwa bado yamesimama hapa na pale. Alimpa binti yake lile bua. Minza alilishika kama anayepewa dawa chungu, akaling'ata, akakunja uso. "Baba, mimi sijui ninatafuta nini."

"Tafuna. Halafu tazama kule."

Alitafuna. Alitazama mashamba kwa muda mrefu, kisha nyasi, kisha wale ng'ombe waliokuwa wanamlilia. Akatema.

"Bado," alisema.

Maduhu aliinua fimbo, akawageuza. Ng'ombe walilalamika njia nzima mpaka nyumbani.